Viherufi vya kromu: bandika foili kabla ya rangi

Kwa wanaojenga modeli za sedani za zamani kama Chevrolet Bel Air ya 1957, kipimo cha 1/25: acheni kuchora jina la gari kwa brashi. Baada ya praima (rangi ya msingi), bandika kipande cha foili nyembamba ya kujinatisha juu ya maandishi yaliyoinuka, ukikandamize kwa kijiti cha pamba hadi kila herufi ionekane, kisha kata ziada kwa wembe mpya (wembe butu huchana foili). Puliza rangi ya bodi juu ya vyote. Ikikauka, chovya kitambaa laini kwenye thina kidogo sana, ukizungushie kidole na upitishe juu juu tu. Rangi ya kwenye migongo ya herufi hutoka, foili inang'aa, na ya kwenye mabonde inabaki kwa kuwa kitambaa hakiifikii. Maliza kwa vanishi.

Haifai kwa rangi ya kuchanganywa na hadina (kigumisha rangi), maana ikishakauka thina haiing'oi. Wala pale msasa ulipokwisha kulainisha herufi.