Dutu safi: sikiliza kipimajoto, si macho

Ukiulizwa kwenye kemia kama kitu fulani ni dutu safi, usijibu kwa sababu kinang'aa au hakina takataka. Soma lebo ya maji ya chupa: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloridi. Kunywa ni salama, lakini kikemia huo ni mchanganyiko. Weka matone machache kwenye kioo juu ya mvuke wa maji yanayochemka hadi yakauke. Utabaki ukoko mweupe. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji tena, hayaachi kitu.

Dutu safi ni elementi moja (kitu chenye atomu za aina moja) au kampaundi moja tu (elementi zilizoungana kikemia), ndiyo maana huyeyuka kwenye jotoridi lake maalumu. Naftalini safi, ile ya vidonge vya kufukuza nondo, huyeyuka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi. Ikiwa na kitu kingine ndani yake, huanza chini ya hapo na kuyeyuka polepole huku joto likipanda.

Maji ya chumvi huchemka juu ya 100, na yanavyozidi kupungua ndivyo kipimajoto kinavyozidi kupanda. Ila aliye Nairobi asishtuke: kwa mwinuko ule hata maji yaliyokenekwa huchemka karibu na 95. Cha kuangalia ni kama kipimo kimetulia.