Kiti cha mtumba cha kusomea: kikague hivi kabla hujatoa hela

Kazi yangu ni kufumua viti vya ofisi na kuvirudishia uhai, hapa Dar es Salaam. Zamani wateja walikuwa maofisi tu. Siku hizi wanafunzi ni wengi: wa chuo, wa mitihani ya bodi ya uhasibu, wa kozi za mtandaoni, watu wanaokaa saa sita bila kuinuka. Wengi wananiletea kiti walichokinunua kwa macho.

Siwacheki, maana na mimi niliwahi. Kilikuwa kipya, chekundu na cheusi, mabega yametanuka kama kiti cha gari la mashindano, na kimto cha kiuno kimefungwa kwa mpira. Mwezi wa nne gesi, ile silinda inayopandisha na kushusha kiti, ikaanza kuvuja. Saa mbili usiku macho yangu yalikuwa sawa na skrini. Ikifika saa nne, kidevu kinakaribia meza.

Tangu hapo, nikiwa na laki moja na nusu sinunui kipya cha bei hiyo. Natafuta mtumba mzito uliotoka kwenye ofisi ya watu. Kile kilitengenezwa kikaliwe kutwa nzima, miaka na miaka, na hata kikiharibika vipuri vyake vinapatikana.

Hatua ya 1: Jipime wewe, kisha meza

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo kubwa kuliko zote. Chukua futi ya fundi cherehani. Kaa kwenye benchi gumu, miguu chini, ukiwa umevaa unachovaa ukisoma. Kama ni kandambili, kandambili. Mtu akupime mara tatu.

Kwanza, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Huo ndio urefu wa kiti unaokufaa. Pili, kutoka makalioni hadi nyuma ya goti. Toa sentimita 5, utapata kina cha kikalio. Tatu, kutoka benchi hadi kwenye kiwiko, mkono umeshuka wenyewe na umekunjwa mbele.

Sasa jumlisha cha kwanza na cha tatu. Mimi ni 44 na 24, jumla 68. Meza yangu nilipoipima ilikuwa 75. Maana yake nikikaa kwa urefu wa miguu yangu, meza inanizidi sentimita 7, na mabega yatapanda yenyewe kila nikiandika. Nikipandisha kiti nifikie meza, miguu inaning'inia na ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini. Dawa ni kupandisha kiti kisha kuweka kitu cha sentimita 7 chini ya nyayo. Tofali la kuchoma likilazwa linakaribia hapo. Livishe gunia lisikwaruze sakafu. Kama meza ni yako mwenyewe, seremala aikate miguu, biashara imeisha. Ya mwenye nyumba iache.

Andika namba hizo kwenye simu na uende nazo sokoni pamoja na futi.

Hatua ya 2: Kitambaa

Kwa joto letu, chukua wavu au kitambaa. Ngozi ya bandia inakutoa jasho mgongoni, halafu inabanduka magamba magamba mpaka unaamka na vipande vyeusi kwenye suruali.

Hatua ya 3: Kipindue

Usione haya. Muuzaji akikukatalia kukipindua, umeshapata jibu lako.

Angalia miguu kwanza. Iwe mitano, na pale inapokutana katikati pasiwe na ufa. Plastiki huanza kupasuka hapo, ufa mwembamba kama unywele. Pitisha kucha, utausikia hata kama umepigwa rangi. Kiti chenye ufa huo kiache hata kwa bei ya bure, kwa sababu siku kikivunjika wewe uko juu yake.

Kisha sahani ya chuma iliyoshika kikalio. Tikisa. Bolti iliyolegea ni kazi ya dakika mbili, lakini plaiwudi ikiwa imeliwa kiasi kwamba bolti inazunguka tu bila kukaza, hiyo ni kazi ya fundi, ishushe kwenye bei. Magurudumu yasikutishe, ni rahisi kubadilisha: mengi yanachomolewa kwa mkono. Ila jua sakafu yako. Kwenye vigae tafuta yenye mpira laini, yale ya plastiki ngumu ni ya zulia.

Hatua ya 4: Mkamate gesi

Gesi inayovuja haijionyeshi kwa dakika moja. Pandisha kiti hadi juu, kalia kwa uzito wako wote, weka alama ya urefu kwa kulinganisha na ukuta au meza iliyo karibu, halafu anza kupatana bei. Polepole.

"Kaka, wacha nikae kidogo."

"Kaa tu bosi, kiti chako hicho."

Dakika kumi za kubishana bei zinatosha. Kikishuka hata vidole viwili, gesi imekwisha. Angalia pia ile fimbo inayong'aa: ikiwa na mafuta mafuta, usihitaji ushahidi mwingine.

Gesi mbovu si sababu ya kukiacha kiti kizuri, ni sababu ya kupunguziwa. Haifungwi kwa bolti. Inabanwa na uchongoko wake, na kadiri unavyokalia ndivyo inavyozidi kukaza, kwa hiyo kuitoa kunataka spana ya mabomba na nyundo. Nyingi zina kipimo kimoja, zinaingiliana kwenye viti vya kampuni tofauti. Huna hela ya mpya? Pandisha kiti hadi urefu wako, pasua kipande cha bomba la plastiki kwa urefu, kivishe kwenye ile fimbo. Hakitashuka tena, na kwa kuwa unakikalia peke yako hukosi kitu. Usiitoboe wala usiichomelee, ndani mna naitrojeni yenye shinikizo kubwa.

Hatua ya 5: Kikalie kama unasoma

Sukuma makalio hadi mwisho, uegemee. Nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uvimbe wa egemeo ukuguse pale mkanda wa suruali unapopita au juu yake kidogo. Ukikusukuma kwenye mbavu, kiti hicho ni cha mtu mrefu kuliko wewe. Bonyeza sponji kwa ngumi: ukigusa mbao, shuka bei. Mikono ya kiti isiyoingia chini ya meza, ifungue uitupe.

Ukibahatika kukutana na Aeron, kiti cha ofisi cha kampuni ya Herman Miller, kwenye mtumba, papasa ukingo wa juu wa egemeo. Kinundu kimoja ni saizi ndogo, viwili ya kati, vitatu kubwa. Wauzaji wengi hawajui, wanauza zote kwa bei moja.

Hata laki huna?

Kiti cha plastiki cha kawaida si adui. Kasoro yake ni mbili: kinakuteleza mbele na hakina kitu kiunoni. Kunja khanga iliyochoka mara nne, weka kwenye kikalio kuzuia kuteleza. Taulo liviringishe unene wa chupa ya soda, lifunge kwa kamba kwenye egemeo usawa wa mkanda. Kompyuta ipandishe juu ya vitabu, utafute kibodi ya pembeni, hata ya mtumba. Na kwa kiti hiki inuka kila nusu saa, hata kama ni kwenda kuangalia kama maji yametoka.