Kuunganisha swichi tatu za Catalyst 9300 ziwe staki moja

Staki (swichi kadhaa za Cisco zilizounganishwa kwa kebo maalumu zikafanya kazi kama swichi moja) ikikaa sawa, unasimamia swichi zote kwa anwani moja ya IP na usanidi mmoja. Catalyst 9300 hukubali hadi swichi 8. Hapa tunaunga tatu. Usichanganye na 9300L, hizo haziungani na 9300 za kawaida.

Hatua ya 1: programu. Kabla ya kugusa kebo za staki, washa kila swichi peke yake na uandike `show version`. Toleo la IOS XE (programu inayoendesha swichi), hali ya INSTALL (namna programu hiyo ilivyosakinishwa) na ngazi ya leseni viwe sawa kwa zote. Swichi yenye toleo tofauti itaonekana V-Mismatch (toleo halilingani) na haitajiunga, hata kebo zikiwa nzima.

Hatua ya 2: namba na kipaumbele. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kiwandani zote hutoka na namba 1 na kipaumbele 1, kwa hiyo usipoamua wewe, uongozi wa staki huenda kwa yenye MAC (anwani ya kiwandani ya kifaa) ndogo kuliko zote. Mara nyingi hiyo ndiyo swichi kuukuu! Yenye kipaumbele kikubwa ndiyo huongoza. Amri hizi huandikwa kwenye alama ya `#` (baada ya `enable`), si ndani ya `configure terminal`.

Ya kwanza:
`switch 1 priority 15`

Ya pili:
`switch 1 priority 14`
`switch 1 renumber 2`

Ya tatu:
`switch 1 renumber 3`

Fanya haya kabla ya kusanidi poti. Swichi ikibadilishwa namba, usanidi wa poti zake hauifuati kwenye namba mpya.

Hatua ya 3: kebo. Zima zote. Poti ya staki 1 ya kila swichi iende poti ya 2 ya inayofuata, na ya mwisho irudi kwa ya kwanza: 1→2, 2→3, 3→1. Kebo ya sentimita 50 inatosha kwa majirani. Ya kufunga duara tumia ya mita 1. Kaza skrubu zote mbili kwa mkono. Kebo iliyolegea hukuachia nusu duara, na mtandao utaendelea kufanya kazi bila wewe kujua, mpaka kebo ya pili ikatike.

Hatua ya 4: washa na kagua. Anza na ya 1, nyingine zifuate ndani ya sekunde 120, la sivyo hazitashiriki uchaguzi.

`show switch`
`show switch stack-ports summary`

Zote ziwe Ready, ya 1 iwe Active (kiongozi), ya 2 Standby (msaidizi wa kushika uongozi). Poti zote sita za staki ziseme OK. Kisha `write memory`.

Ukiongeza swichi baadaye, iunge ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka, mfumo huona staki mbili zinazogombana: upande ulioshindwa hujizima na kuwaka upya, na watumiaji wake hukatika.

Kebo za kwenda swichi kuu zigawe: moja itoke swichi 1, nyingine swichi 2, zote `channel-group 1 mode active`, yaani zifanye kazi kama kiungo kimoja. Zote mbili zikitoka swichi 1, umeme wake ukikatika staki nzima inabaki kisiwani.