Sarufi ya Msingi ya Kiingereza: Anza na Kitenzi

Mpangilio wa sentensi ya Kiingereza hautakuwa mgeni kwa anayezungumza Kiswahili, kwani katika lugha zote mbili hutangulia mtenda, akafuata kitenzi, kisha kile kinachotendwa. Ugumu huanza pale ambapo Kiswahili hukusanya mambo mengi ndani ya neno moja, ilhali Kiingereza huyagawa katika maneno yanayosimama peke yake. Neno "sitawaona" lina nafsi, ukanushi, wakati, watendwa na tendo lenyewe. Kiingereza huhitaji maneno matano kusema hayohayo: "I will not see them." Kwa sababu hiyo, anayeanza atafaidika zaidi akijifunza kwanza namna kitenzi cha Kiingereza kinavyofanya kazi, kabla ya kukariri orodha ndefu za maneno.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila sentensi ya Kiingereza, isipokuwa ya amri kama "Sit down", lazima iwe na kiima, yaani neno linalotaja mtenda au kinachozungumziwa, kinachoonekana. Kiswahili husema "Inanyesha" na maana ikatimia, kwa kuwa kiambishi "i-" kimo ndani ya kitenzi. Kiingereza hakiwezi kusema "Is raining", ni lazima kisemwe "It is raining." Kosa la upande wa pili hutokea vilevile. Kwa kuwa tumezoea kusema "Kaka yangu anafanya kazi", ambapo "a-" humrejelea kaka ambaye ameshatajwa, wengi huandika "My brother he works." Kiima kikishatajwa, kiwakilishi hakihitajiki: "My brother works." Kumbuka pia kwamba "a-" haibagui jinsia, lakini Kiingereza hutaka "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, na jambo hili huhitaji uangalifu hata kwa waliokwisha kupiga hatua.

Baada ya hapo jifunze kitenzi "be", ambacho katika wakati uliopo huwa "am" kwa "I", "is" kwa "he", "she" na "it", na "are" kwa "you", "we" na "they". Katika wakati uliopita huwa "was" au "were". Kitenzi hiki kimoja hubeba kazi ambazo Kiswahili huzigawia maneno mbalimbali. "Mimi ni mwalimu" ni "I am a teacher", "Nipo nyumbani" ni "I am at home", "Nimechoka" ni "I am tired", na "Nina njaa" ni "I am hungry." Hata umri hutajwa kwa kitenzi hiki: "Nina miaka ishirini" ni "I am twenty years old", wala si "I have twenty years." Ukitaka kukanusha, ongeza "not" baada yake; ukitaka kuuliza, kitangulize mbele ya kiima: "Are you tired?" Jihadhari usikibandike mbele ya kitenzi kingine kisichobadilishwa umbo, kama katika "I am agree" au "I am go", ambazo si sahihi kabisa.

Vitenzi vingine vyote vya kawaida huhitaji msaidizi "do" katika kukanusha na kuuliza kwa wakati uliopo wa kawaida na uliopita, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Tazama sentensi tatu: "She works here." "She does not work here." "Does she work here?" Ile "-s" ya nafsi ya tatu umoja imo katika "works", lakini "does" inapoingia, "-s" huhamia huko na "work" hubaki tupu. Alama huwekwa mahali pamoja tu. Ndivyo ilivyo pia katika wakati uliopita: "She worked", "She did not work", "Did she work?" Sentensi "She did not worked" ina alama mbili za wakati uliopita, nayo ni mojawapo ya makosa yanayoonekana mara nyingi katika maandishi ya wanaoanza. Kiswahili chenyewe kinaweza kukusaidia kuikumbuka kanuni hii. Tunasema "alisoma", lakini tunapokanusha hatusemi "hakulisoma" tukikusudia kutaja wakati. "-Li-" huondoka na "-ku-" huchukua nafasi yake, tukapata "hakusoma". Vivyo hivyo, "did" ikiingia, "-ed" hutoka.

Kuuliza nako kunahitaji mazoezi ya pekee, kwa sababu katika Kiswahili kiimbo peke yake, au neno "je", hutosha kugeuza maelezo kuwa swali. Katika Kiingereza cha maandishi, swali "You know him?" huonekana pungufu; andika "Do you know him?"

Sasa njoo kwenye nyakati. Usijaribu kuzijua zote kwa mara moja. Wakati uliopo wa kawaida, wakati uliopo wa kuendelea, wakati uliopita na wakati ujao wa "will" vinatosha kwa mazungumzo mengi, kisha hali timilifu, ile ya "have", ifuate. Kiambishi "-na-" ndicho kinachotatanisha, kwani "anafanya kazi" inaweza kuwa desturi au jambo linaloendelea wakati huu. Jiulize kama unaweza kuweka "hu-" mahali pake. Ikiwa "hufanya kazi" inafaa, sema "She works." Ikiwa unamaanisha sasa hivi, sema "She is working." Vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda na kuamini kwa kawaida havichukui "-ing", hata kama Kiswahili husema "ninajua" na "ninataka": sema "I know" na "I want."

Kiambishi "-me-" nacho kina mitego miwili. Mara nyingi hulingana na "have" au "has", kama katika "Nimemaliza", yaani "I have finished." Hata hivyo, Kiingereza hakikubali hali hii pamoja na wakati maalumu uliokwisha. Mtu anaweza kusikika akisema "Nimemwona jana", lakini "I have seen him yesterday" ni kosa, sema "I saw him yesterday." Mtego wa pili ni vitenzi vya hali. "Amesimama", "amekaa", "amelala" na "amevaa koti" hueleza jinsi mtu alivyo sasa, na Kiingereza huvieleza kwa "He is standing", "He is sitting", "He is asleep" na "He is wearing a coat."

Vitenzi visivyofuata kanuni ya "-ed" havina njia ya mkato, na bahati mbaya ndivyo vinavyotumika sana. Vijifunze katika maumbo matatu pamoja, "go, went, gone" au "see, saw, seen", ukitunga sentensi kwa kila umbo. Vichache, kama "put", havibadiliki hata kidogo.

Vibainishi "a", "an" na "the" nimeviweka huku mwisho kwa makusudi, kwa sababu kosa la kibainishi mara chache humzuia msikilizaji kuelewa, ilhali kosa la kitenzi huweza kugeuza maana nzima. "A" hutaja kitu kimoja ambacho msikilizaji bado hakijui, na "the" hutaja kile anachokijua tayari: "I saw a child. The child was crying." Mara nyingi, pale ambapo ungesema "yule mtoto" au "mtoto huyo", Kiingereza hutaka "the". "An" hufuata matamshi wala si herufi, ndiyo maana tunasema "an hour" lakini "a university". Nomino ya umoja inayohesabika haiachwi tupu, hata inapotaja kazi ya mtu: "She is a doctor." Maneno kama "water", "information" na "advice" hayahesabiki, kwa hiyo hayachukui "a" wala "-s" ya wingi.

Vivumishi ni vyepesi. Hukaa mbele ya nomino na havifuati ngeli wala wingi: "vitabu viwili vipya" ni "two new books".

Kwa mazoezi, chagua kitenzi kimoja kila siku na ukiandike katika sentensi tisa: ya kukubali, ya kukanusha na ya kuuliza, kwa wakati uliopo, uliopita na ujao. Anza na kiima "she", kwa kuwa hicho ndicho hudai "-s" na "does", kisha rudia kwa "they" uone kinachobadilika. Ukimaliza, soma kwa sauti, na katika kila sentensi weka kidole juu ya neno linalobeba alama ya wakati. Ukikuta maneno mawili yameibeba, futa ile iliyo kwenye kitenzi kikuu.