Kabla ya Kulinganisha Wastani, Kagua Nafasi Kati ya Namba za Dodoso

Chukua swali la kawaida la dodoso: "Unafanya mazoezi mara ngapi?" Majibu ni manne: sifanyi kabisa, mara moja kwa mwezi, mara moja kwa wiki, kila siku. Anayeingiza data anayapa namba 1, 2, 3 na 4, kisha kazi inabaki kwa kompyuta. Sasa tuseme watu wote wa kundi la kwanza wamejibu "mara moja kwa wiki", na katika kundi la pili nusu wamejibu "mara moja kwa mwezi" na nusu "kila siku". Wastani wa makundi yote mawili ni 3, kwa hiyo tofauti ya wastani ni sifuri. Lakini hesabu siku zenyewe katika mwezi wa siku 30: kundi la kwanza linafanya mazoezi siku 4 hivi, la pili siku 15 na nusu.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Tatizo ni kuchukulia kwamba hatua ya kutoka 1 hadi 2 inalingana na ya kutoka 3 hadi 4, na kumbe ya kwanza ni siku 1 na ya mwisho ni siku 26. Data ikishakusanywa hivyo, huna tena namna ya kumuuliza mhojiwa alimaanisha siku ngapi. Mengi ya kuzingatia, basi, yanakuja kabla dodoso halijatoka mkononi mwako.

Anza kwa kujiuliza kama skeli, yaani ngazi ya majibu yanayopewa namba, inahitajika kweli. Kama kitu kinahesabika, omba hesabu: siku ngapi katika siku 7 zilizopita, saa ngapi, mara ngapi. Skeli ya maneno ibaki kwa mambo yasiyohesabika, kama kuridhika, imani au maumivu. Mwanasaikolojia Rensis Likert alipoeleza mbinu yake ya kupima mitazamo mwaka 1932, alikuwa akijumlisha majibu ya kauli nyingi kuhusu jambo moja. Siku hizi watu huchukua kauli moja tu, wakaipa namba 1 hadi 5 na kuiita skeli ya Likert. Jumla ya kauli kumi hukaribia kuwa kipimo chenye hatua sawa kuliko kauli moja, kwa kuwa kasoro za kauli tofauti hufidiana kwa kiasi fulani. Zikipinda zote upande mmoja, hazifidiani.

Kisha tazama maneno yenyewe. "Mbaya, wastani, nzuri, nzuri sana, bora kabisa" ni skeli iliyolemea upande mmoja: jibu baya ni moja, mazuri ni matatu. Umbali kati ya "mbaya" na "wastani" hauna sababu ya kufanana na ule kati ya "nzuri" na "nzuri sana". Pia usiweke "sijui" katikati. Niliwahi kukabidhiwa data ambayo "sijui" ilipewa 3, na kundi lililoonekana kuwa na msimamo wa kati lilikuwa kwa sehemu kubwa watu wasiojua tunazungumzia nini. Ilibidi kuwaondoa na kuanza upya, na sampuli ikapungua karibu kwa theluthi.

Utasikia watu wakisema haya yote hayana athari. Wana hoja, na inafaa kuielewa vizuri. Mwaka 1946 mwanasaikolojia S. S. Stevens aligawa vipimo katika aina nne, na kwa mgawanyo wake wastani haukufaa kwa vipimo vya mpangilio tu, ambavyo tunajua kipi kinatangulia kipi lakini hatujui kwa umbali gani. Mwaka 1966 watafiti Baker, Hardyck na Petrinovich walitumia kompyuta kuzipotosha nafasi hizo makusudi, wakakuta jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili, halitikisiki sana. Sababu inaonekana hata bila kompyuta. Kama makundi mawili yana mtawanyo uleule wa majibu, ukibadilisha namba za majibu, mitawanyo bado inabaki sawa. Kengele za uongo, yaani jaribio kudai kuna tofauti ilhali haipo, zitaendelea kuwa karibu 5 katika kila 100 kwa kiwango cha kawaida.

Lakini hiyo ni hali ya makundi yasiyotofautiana kwa lolote. Wasiwasi wangu uko kwenye makundi yanayotofautiana kwa umbo. Kundi A lina watu 10: wanne wamechagua 3 na sita wamechagua 4, wastani 3.6. Kundi B: watano wamechagua 2 na watano 5, wastani 3.5. A liko juu. Sasa tuseme jibu la juu kabisa liko mbali na wenzake, kiasi cha kustahili 7 badala ya 5. A linabaki na 3.6, B linapanda hadi 4.5. Mshindi amebadilika, na hakuna mhojiwa hata mmoja aliyebadilisha jibu lake.

Kuna ukaguzi mmoja ambao ningemshauri kila mtu aufanye kabla ya kugusa jaribio lolote la takwimu. Kwa kila kundi, andika asilimia ya watu waliojibu 1, kisha 1 au 2, kisha 1 hadi 3, hadi mwisho. Chora mistari miwili. Mstari wa kundi moja ukiwa chini ya mwingine (au ukigusana nao tu) mwanzo hadi mwisho, kundi hilo litakuwa na wastani mkubwa kwa namba zozote utakazozipa hatua, ilimradi mpangilio haujavurugwa. Ukubwa wa tofauti na thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu) vinaweza kusogea, lakini mwelekeo hausogei. Mistari ikipishana, kama ya A na B hapo juu, mwelekeo wenyewe unategemea nafasi ulizozichagua. Fanya hivi kwa data za kujaribia dodoso kabla ya utafiti wenyewe, hata za watu 30, na utajua mapema kama unaelekea kwenye shida.

Kuhamia kwenye majaribio ya vyeo, yanayotazama nani yuko juu ya nani tu, kama lile la Mann na Whitney la 1947, kunasaidia kwa sababu hayajali umbali. Tatizo halijafutika lote, hata hivyo. Maumbo yakitofautiana, jaribio hilo halilinganishi wastani, wala si lazima lilinganishe thamani ya katikati (median). Linauliza kama mtu wa kundi hili, akichaguliwa bila mpango, huelekea kumzidi wa kundi lile. Katika A na B, kila upande unamzidi mwenzake katika jozi 50 kati ya 100. Sare. Njia nyingine ni regresheni ya mpangilio (modeli ya takwimu kwa majibu yenye mpangilio), ambayo mwanatakwimu Peter McCullagh aliifafanua mwaka 1980: inaacha data zenyewe zionyeshe mipaka kati ya majibu iko wapi. Nayo ina sharti lake, kwamba tofauti kati ya makundi iwe ileile kwenye kila mpaka. Likague.

Kama swali lako ni la kabla na baada, ongeza tahadhari mara mbili. Katika skeli ya 1 hadi 5, wastani wa kundi moja umetoka 2 hadi 3, jingine limetoka 4 hadi 4.5, je, la kwanza limefaidika zaidi? Kama hatua za juu ni ngumu kupanda, huenda ni kinyume. Wengi katika kundi la pili wamegusa dari, na skeli haina namba ya kuwaonyesha walivyoendelea kupanda.

La mwisho ni karatasi, na ni kazi ya dakika chache. Kabla ya kufungua data, andika tarehe, jaribio utakalotumia, na seti mbili tatu za namba mbadala utakazojaribu, mfano 1, 2, 3, 4, 7 na 1, 4, 5, 6, 7. Utaripoti matokeo ya zote, hata zikipingana. Ukizichagua baada ya kuona thamani ya p, utapata tu nafasi zinazokupa ulichokitaka, maana kwa mistari inayopishana karibu kila mara zipo.