Maji Yakipwa Cuxhaven: Matembezi ya Siku Moja kwa Anayeishi Hamburg

Shangazi yangu wa Tanga hupiga simu kila mwisho wa mwezi, na kabla hatujamaliza salamu ataniuliza: "Mwanangu, Paris umeshafika?" Sijafika. Niko Hamburg mwaka wa nne huu, nauguza wazee kwa zamu. Miaka miwili ya mwanzo niliipoteza nikingoja likizo kubwa na hela ya kutosha ili niende huko anakouliza shangazi. Wikendi ikija nafua, napika pilau ya wiki nzima, napiga simu nyumbani, nalala. Mji wote huu nikaujua kwa njia mbili tu: ya kazini na ya duka la unga wa ugali.

Kilichonitoa ndani ni tiketi. Kama unaishi Ujerumani, huenda unayo tayari mfukoni na unaitumia kwenda kazini tu. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa Euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025, kisha 63 Januari 2026. Imepanda, ndiyo, lakini inakupeleka nchi nzima kwa treni za mikoa, treni za mjini, mabasi, na hata baadhi ya vivuko. Muulize mwajiri wako kama anachangia, maana wengi wanachangia na hawatangazi. Ukitaka kuisitisha, sitisha kabla ya tarehe 10, la sivyo mwezi unaofuata unakatwa kama kawaida.

Kanuni yake ni ya herufi. Ukiona RE, RB, S au U, panda. Ukiona ICE, IC au EC, yaani treni za masafa marefu, acha ipite hata kama inakwenda hukohuko unakokwenda. Mkaguzi akikukuta humo huna tiketi yake, utaikumbuka siku hiyo. Faini ya kusafiri bila tiketi kwenye treni za kawaida ni Euro 60, karibu sawa na tiketi ya mwezi mzima. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo huwezi kumwazima binamu, na tembea na kitambulisho. Kwa kuwa wengi tunaiweka kwenye simu, simu ikizima ni sawa na huna tiketi. Nunua betri ya akiba kabla hujanunua miwani ya jua.

Wageni wakija kutoka nyumbani, usiwanunulie tiketi za mwezi. Kuna tiketi ya siku ya jimbo, ya watu mpaka watano. Kwa sisi wa Hamburg, ya jimbo jirani la Niedersachsen inaanzia hapahapa mjini. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi, wikendi tangu usiku wa manane. Mkiwa wengi, kila mmoja analipa kidogo.

Nimetaja saa tatu, basi niseme na hili. Niliwahi kumwandikia mwenzangu aliyekulia hukuhuku, "Tukutane Hauptbahnhof saa 3." Nikasimama pale asubuhi na chupa ya chai mpaka miguu ikafa ganzi. Yeye alifika saa tisa alasiri, kanyoa, kajipulizia manukato, ananiuliza mbona nimenuna. Siku hizi naandika 9:00 na neno asubuhi mbele yake, hata nikimwandikia Mswahili mwenzangu.

Wikendi ndiyo wakati wanaotengeneza reli. Ukiona herufi SEV kwenye ubao, ujue kipande hicho ni basi, na basi litakula muda wako. Angalia programu ya reli usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi. Kurudi, usipange treni ya mwisho. Panga iliyo kabla yake.

Kuhusu karatasi nitasema kifupi, ila usilipuuze. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani pamoja na pasipoti iliyo hai vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo, huko unahitaji viza. Uswisi imo Schengen lakini haimo Umoja wa Ulaya, kwa hiyo intaneti ya simu yako inaweza kukutoza huko, wakati Denmark au Uholanzi unatumia kifurushi chako cha kawaida. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Beba pasipoti na kadi zenyewe, si picha kwenye simu. Na kama kadi imeisha na unasubiri mpya, usivuke mpaka kabla ya kuuliza ofisi ya wageni karatasi uliyopewa inaruhusu nini.

Sasa twende. Anza na Hamburg yenyewe, maana watu wanakimbilia mbali na hapa hawajapaona. Shuka Landungsbrücken, kwenye gati za mtoni, panda kivuko namba 62. Ni usafiri wa umma, tiketi yako inatosha, na unapita mbele ya meli za makontena kama uko Kigamboni, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayesukumana. Shuka Neumühlen, pana ufukwe wa mto wenye mchanga. Ukirudi Landungsbrücken, ingia handaki la zamani chini ya mto Elbe. Lilifunguliwa 1911, lina urefu wa mita 426, na kwa mwenda kwa miguu ni bure. Kuta zina vigae vyenye picha za samaki na vitu vya mtoni. Watoto wanapenda mwangwi wake. Na mimi pia.

Kuna mahali pengine ambapo kila Mswahili wa Hamburg naona angefika walau mara moja: makaburi ya Ohlsdorf. Najua, nani anakwenda kutembea makaburini siku ya mapumziko? Wenyeji wanakwenda. Ni bustani ya takriban hekta 390, kubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria yanapita ndani yake. Humo amelala Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Alizaliwa 1844 Mtoni, akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Heinrich Ruete, akaondoka Unguja kwa meli 1866, wakaoana Aden, akaja huku na jina jipya, Emily Ruete. Mume alikufa 1870 kwa ajali ya tramu. Akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Alifariki Jena 1924, na majivu yake yakaletwa hapa Hamburg.

Chukua ramani pale mlango mkuu, karibu na stesheni ya Ohlsdorf, na uulize eneo la familia ya Ruete, maana bila ramani utazunguka mpaka giza. Nilikwenda Novemba. Majani yaliyolowa yamefunika njia, kunguru wawili wanagombania kitu, na mimi mbele ya jiwe nikijaribu kukumbuka dua. Si kwamba namtukuza. Aliandika maneno ya kuutetea utumwa, na uwanja mmoja wa mji uliopewa jina lake ulinyang'anywa jina hilo kwa sababu hiyo. Lakini baridi ile ya miguuni niliijua, na nilijua kwamba na yeye aliijua.

Ukitaka kutoka mjini bila kuchoka, Lübeck ni dakika 45 hivi kwa treni. Lango la Holstentor, la karne ya 15, liko hatua chache kutoka stesheni na limeinama kabisa, unaona kwa macho. Nunua marzipan, yaani lozi zilizosagwa na sukari. Nusu ya kipande inatosha, ni tamu kupita kaimati. Kutoka hapo endelea hadi Travemünde, bahari ya Baltic. Mtu wa pwani atakaa kwenye mchanga, ataangalia saa, ataangalia maji, na atahisi kuna kitu hakiko sawa. Maji hayaendi wala hayarudi. Baltic karibu haina kupwa na kujaa, na chumvi yake ni kidogo. Imetulia kama bwawa. Niliogelea mara moja, nikatoka nikiwa sijaridhika.

Bremen ni kama saa moja na robo. Wote wataenda kupiga picha na sanamu ya wanyama wanne wa hadithi, nenda tu. Kisha zunguka nyuma ya stesheni kuu uone tembo wa matofali, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Alijengwa miaka ya 1930 kuyasifu makoloni, yetu yakiwemo. Baadaye wenye mji wakamgeuza kuwa kumbukumbu ya kupinga ukoloni, na bustani alimo inaitwa kwa jina la Nelson Mandela.

Cuxhaven ndiyo niliyotaka kuifikia tangu mwanzo. Ni karibu saa mbili kwa treni, mahali mto Elbe unapoingia bahari ya Kaskazini. Mara ya kwanza nilikwenda bila kuangalia chochote. Nikashuka, nikapanda basi hadi Duhnen, nikaukwea ukuta wa udongo wenye nyasi, nikatazama bahari. Haikuwepo. Palikuwa na tope la kijivu linalong'aa mpaka mwisho wa macho, mifereji myembamba ikichuruzika katikati, na watu kwa mbali wadogo kama siafu wanatembea juu yake. Nikacheka peke yangu pale juu. Miaka miwili nakaa nchi hii nikiwahesabu hawa kuwa watu wasiojua maji kupwa, kumbe yako hapa, saa mbili kutoka kitandani kwangu, na yanapwa kweli: tofauti ni karibu mita tatu, kama kwetu.

Nilivua viatu. Tope ni baridi, laini juu, gumu chini. Kila hatua kuna vilima vidogo vya mchanga uliosokotwa kama tambi, kazi ya mnyoo anayeishi chini. Nikainama kuokota kombe kama tulivyokuwa tukifanya tukitumwa mboga. Bibi mmoja wa Kijerumani akasimama kunitazama, kisha akainama na yeye akanionyesha kaa mdogo wa ukubwa wa kifungo cha shati.

Kwa hiyo kabla ya kukata shauri, angalia jedwali la maji la Cuxhaven. Neno Niedrigwasser ni maji kupwa, Hochwasser ni maji kujaa. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo saa uliyoambiwa na rafiki aliyekwenda wiki jana si yako. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua vilevile. Ingia wakati maji bado yanatoka, na ugeuke kurudi kabla hayajaanza kuingia. Usijidai mtu wa pwani. Pwani hii huijui: mifereji hujaa nyuma yako kabla ya mchanga ulio mbele yako kulowa, na ukungu ukishuka huoni hata ukuta. Vaa raba kuukuu zinazobana, maana makombe yanakata, na tope linavua ndala. Koti la upepo ni lazima hata Julai.

Wenye miguu wanavuka kwa miguu hadi kisiwa cha Neuwerk, kilomita kama 10 kutoka ufukwe wa Sahlenburg. Nenda na kiongozi anayejulikana, usiende na marafiki tu. Njia imewekewa matawi yaliyochomekwa kwenye tope, na kuna vizimba juu ya nguzo ndefu vya kujiokolea aliyezidiwa na maji. Ukiviona hutauliza tena kwa nini kiongozi analipwa. Kuna pia magari ya kukokotwa na farasi kwa wasioweza kutembea. Na kisiwa chenyewe, mbali kote huko, kiserikali ni sehemu ya mji wa Hamburg.

Chakula, beba chako. Chapati mbili na chai ya maziwa kwenye chupa zimeniokolea hela nyingi kuliko ushauri wowote. Mkate wenye samaki unauzwa kila bandari, ila samaki wengi ni wa kulowekwa kwenye siki, hawakupita motoni. Ukitaka wa kukaanga, sema gebraten au Backfisch. Jumapili maduka yamefungwa nchi nzima isipokuwa ya stesheni kubwa na machache ya sehemu za watalii. Jumatatu ni zamu ya makumbusho mengi kufungwa. Sisi wa zamu, ambao wikendi yetu mara nyingi huangukia Jumanne, hapo tumebahatika. Weka sarafu mfukoni za choo. Chupa ya plastiki usitupe, ukiirudisha dukani unapata senti 25 zako. Na Desemba toka mapema, maana saa kumi jioni kunaingia giza.

Ukitoka zamu ya usiku Jumapili na usingizi haujakushika, usiende nyumbani moja kwa moja. Soko la samaki la Altona, hapo chini mtoni, linaanza saa kumi na moja alfajiri kiangazi, saa moja majira ya baridi, na saa tatu na nusu limekwisha. Wauzaji wanapiga kelele kama Kariakoo. Ngoja mpaka karibu na kufunga, simama mbele ya muuza matunda, usimwonyeshe kwamba una haraka. Ataanza kuongeza ndizi moja moja kwenye kikapu, kisha nanasi, kisha embe, akiita bei ileile, mpaka utakapoinua mkono.