Umeumia kazini Malindi? Hivi ndivyo unavyompata wakili wa fidia

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Malindi. Wateja wetu wa fidia ni mafundi wa mjengo, watu wa hoteli, na wale wa viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni. Wengi huja mikono mitupu wakiulizia ada. Anza na karatasi kwanza.

Hatua ya 1: Karatasi

Mpashe mwajiri habari za ajali upesi, kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu unatosha, mradi usiufute. Chini ya WIBA, sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha ya kazini, akishapata habari ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Afya na Usalama Kazini, ofisi ambayo wengi wanaijua kama DOSH. Fomu yenyewe ni DOSH/WIBA 1, na daktari ana sehemu yake ya kujaza. Piga picha kila ukurasa kabla fomu haijaondoka mkononi mwako. Kama huna barua ya kazi, toa taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mshahara ukiingia.

Una miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha madai. Bosi akikwambia "pona kwanza, tutaongea," pona, lakini madai yaende.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako

Ulemavu wa kudumu hulipwa kwa mshahara wa miezi 96, mara asilimia ya ulemavu. Tuseme ulikuwa ukilipwa 15,000 kwa mwezi na umepewa asilimia 10. Miezi 96 ni 1,440,000; asilimia 10 yake ni 144,000. Ukiijua hesabu hii, hakuna atakayekutuliza kwa elfu ishirini na pole nyingi.

Hatua ya 3: Je, wakili anahitajika sasa?

Mwajiri akiripoti, akakubali asilimia na bima ikalipa, huenda usimhitaji. Mtafute mwajiri akikataa kuripoti, akikana kuwa wewe ni mfanyakazi wake, au asilimia ikiwa ndogo kuliko jeraha. Uamuzi wa Mkurugenzi usipokuridhisha, una siku 60 za kuupinga kwake. Jibu lake likikuangusha, una siku 30 za kukata rufaa katika Korti ya Ajira na Kazi. Siku hizo zikipita, hata wakili hodari ana kazi ngumu.

Hatua ya 4: Mchunguze

Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama ana leseni ya mwaka huu. Kisha muulize: "Tunaanzia wapi?" Akijibu kwamba ajali ya juzi mtaifungulia kesi ya uzembe moja kwa moja, aga uende. Korti ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba WIBA ni halali, na WIBA inataka uanzie kwa Mkurugenzi.

Yule kijana anayekufuata hadi wodini na fomu ya kutia sahihi ni dalali, hata akivaa tai. Sheria inakataza mawakili kutafutiwa wateja namna hiyo.

Hatua ya 5: Ada

Hapa ndipo watu huumia mara ya pili. "Usilipe kitu, tukishinda nachukua asilimia 30" ni maneno matamu, lakini Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu. Dai ada itajwe kwa shilingi, kwa maandishi, na gharama za korti na za ripoti ya daktari zitajwe kando. Kila ukilipa, chukua risiti. Uliza pia pesa za bima zitaingia akaunti gani. Jibu sahihi ni akaunti ya wateja, si simu ya mtu. Ukikosa ada, jaribu Kituo Cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Hatua ya 6: Karatasi ya mwisho

Bima ikikuletea hati ya kukiri kuwa umelipwa na hudai tena, usitie sahihi hapo hapo mezani. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, linganisha na hesabu ya hatua ya 2, kisha mwonyeshe wakili wako.